Dar es Salaam hadi Cape Town kwa barabara: namna ya kupanga wiki kumi njiani

Kwenye ramani njia yenyewe ni nchi nne tu: Tanzania, Zambia, Botswana, Afrika Kusini. Mipaka mitatu. Mabasi ya kuunganisha hadi Johannesburg yapo, nayo hukufikisha baada ya siku chache ukiwa umevimba miguu na kumbukumbu pekee uliyonayo ni kiti cha mbele yako. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye nia nyingine: kwenda polepole, wiki kumi hivi, kulala, kutembea, kula kwa mama lishe wa kila nchi, na kurudi nyumbani akiwa bado anaipenda safari.

Wengi hupanga kwa miji. Siku tatu Lusaka, siku tano Livingstone, na kadhalika. Ni afadhali upange kwa mipaka. Safari ndefu mara chache hukatizwa na majambazi. Hukatizwa na siku zilizoandikwa kwenye muhuri, na fedha taslimu zinazokwisha mahali ambapo kadi haisomi, na mwili uliochoka usiosema. Yote matatu hujitokeza siku ya kuvuka. Kwa hiyo andika kwanza tarehe tatu za kuvuka, kila moja iwe siku nzima isiyo na kazi nyingine, halafu miji ijaze nafasi iliyobaki. Mgawo unaofanya kazi vizuri: siku 10 kwa kipande cha Tanzania, wiki 3 Zambia, wiki 2 Botswana, wiki 3 Afrika Kusini. Siku zinazosalia zisipangiwe chochote. Zitajipangia zenyewe, basi likiharibika.

Karatasi

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya haombi viza kwa matembezi ya kawaida katika njia hii. Mwenye ya Kongo, Burundi, Uganda au Rwanda aulize ubalozi wa kila nchi kabla ya kununua tiketi yoyote, na aulize ubalozi wenyewe, si jamaa aliyepita mwaka juzi.

Pasipoti iwe na miezi 6 ya uhai kuhesabu kutoka siku unayotarajia kurudi, siyo siku ya kuondoka. Kurasa tupu ziwe 6. Hesabu yake ni hii: mipaka mitatu, kwenda na kurudi, mihuri miwili kila mara, jumla 12. Kwa nadharia hiyo mihuri ingeenea kwenye kurasa tatu, lakini maafisa wengi hufungua ukurasa mpya na kugonga katikati, na Afrika Kusini inataka ikute kurasa 2 zisizoguswa unapoingia.

Kadi ya homa ya manjano ni ile halisi, si picha kwenye simu. Chanjo ni dozi moja, huanza kutambuliwa baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 inahesabiwa kuwa ya maisha yote hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Hakikisha jina kwenye kadi linafanana herufi kwa herufi na la pasipoti. “Mohamed” upande mmoja na “Muhammad” upande wa pili ni saa nzima ya maelezo dirishani.

Dawa ziache kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Zambia ni kali kwa baadhi ya dawa za kawaida: wasafiri wamewahi kukamatwa huko kwa kubeba dawa za mafua na mzio zenye diphenhydramine. Soma pakiti, ikiwa jina hilo lipo, iache nyumbani. Mirungi usiikaribie hata kama kwenu ni biashara halali. Nguo zenye mabaka ya kijeshi, hata kofia ya mtumba au begi la mtoto, ni kosa kwa raia kuvaa Zambia, na Zimbabwe vilevile ukiamua kuchepukia huko.

Mzigo usizidi kilo 10, begi moja la mgongoni na kimfuko cha shingoni. Kilo ya kumi na moja utaitambua utakapopanda ngazi za nyumba ya wageni iliyokatika umeme. Kitenge kimoja kinatosha kuwa shuka, taulo, pazia na mto. Chaja zenye pini tatu bapa tulizozoea hufanya kazi Zambia na, mara nyingi, Botswana. Afrika Kusini wanatumia pini tatu nene za mviringo. Adapta yake nunua hukohuko dukani, usiibebe kutoka Kariakoo.

Siku ya kuvuka

Ufike mpakani saa 3 asubuhi, umekunywa chai, umelala usiku uliotangulia katika mji wa jirani: Mbeya au Tunduma kwa mpaka wa kwanza, Livingstone kwa wa pili, Gaborone kwa wa tatu. Anayefika saa 11 jioni hukutana na afisa aliyechoka, foleni ya malori, na akivuka anajikuta gizani katika mji asiojua hata neno la salamu.

Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja tangu 2019, na daraja la Kazungula, kati ya Zambia na Botswana, lenye urefu wa mita 923, lilifunguliwa Mei 2021 likiwa na mpango huohuo. Maana yake ni kwamba maafisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Hapa ndipo watu hukosea. Wanapita jengo la kwanza bila kusimamishwa, wanafurahi, au wanagongewa dirisha la kwanza na kudhani wamemaliza. Kanuni ni ya kuhesabu: mihuri miwili, wa kutoka na wa kuingia. Ukiwa na mmoja tu, rudi ndani. Muhuri wa kutoka uliokosekana hauumi siku hiyo. Unauma miezi miwili baadaye, unaporudi na kompyuta inasema hukuwahi kuondoka.

Maswali ya afisa ni manne na hayabadiliki: unakwenda wapi, siku ngapi, unafikia wapi, una fedha kiasi gani. Jibu kwa ufupi. Jina la nyumba ya wageni na namba yake ya simu viwe vimeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu huzimika muda huohuo. Neno lako ni “matembezi”. Usiongeze kwamba unaangalia-angalia fursa za biashara. Biashara ina kibali chake, na sentensi ile moja ya kujipamba inaweza kukukalisha benchi hadi jioni.

Kabla ya kuondoka dirishani, soma muhuri. Soma kweli, kwa kidole: tarehe, na idadi ya siku alizoandika kwa kalamu. Raia wa nchi yako anaweza kustahili siku 90 na bado ukakuta umeandikiwa 30, kwa sababu uliposema “wiki tatu” alizungushia. Ukigundua ukiwa bado umesimama mbele yake, omba kwa adabu naye hurekebisha. Ukigundua ukiwa kwenye basi, dawa yake ni ofisi ya uhamiaji mjini, foleni, na siku ya kazi. Botswana huhesabu siku 90 kwa mwaka mzima wa kalenda, si kwa kila safari, kwa hiyo aliyepita Januari na Machi ajumlishe. Afrika Kusini haisamehi: ukizidisha siku kwa mara ya kwanza, hata moja, unaweza kufungiwa miezi 12, na ukizidisha zaidi ya siku 30 unafungiwa miaka 5. Hakuna dirisha la kulipa faini ukaendelea na safari.

Vishoka watakufuata kuanzia stendi. Wamevaa vizuri, wana beji ya plastiki shingoni, na wanajua jina la afisa aliye zamu. Pasipoti haiendi mkononi mwa mtu asiye nyuma ya dirisha. Kondakta akikusanya pasipoti za basi zima, kama wanavyofanya wengine, simama naye bega kwa bega mpaka yako irudi. Na usipige picha ya daraja, bendera wala askari. Kazungula panavutia, ndiyo, Zambezi yote iko chini yako. Litazame kwa macho.

Kuingia Botswana kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Nchi ile inaishi kwa ng'ombe, na inaogopa ugonjwa wa miguu na midomo kuliko inavyokuogopa wewe. Utaambiwa ukanyage mkeka uliolowa dawa, na mara nyingine utoe viatu vyote vilivyomo begini navyo vikanyagishwe. Nyama mbichi na maziwa havipiti. Hata ukiwa ndani ya nchi, kwenye barabara ya kusini utakuta vizuizi vya mifugo vinavyofanya ukaguzi uleule. Kwa hiyo chakula chako cha njiani kiwe matunda makavu, karanga, mikate, na usivae viatu vya ngozi uvipendavyo siku hiyo. Ile dawa huacha alama nyeupe.

Fedha

Beba dola kidogo, safi, zisizoandikwa wala kuchanika, za matoleo ya karibuni. Noti za kabla ya 2009 hukataliwa sehemu nyingi bila maelezo. Mchanganyiko mzuri ni nusu kwa noti za 50 na 100, kwa sababu hupewa bei nzuri, na nusu kwa za 10 na 20 za dharura. Kadi ziwe mbili, za benki mbili, zilale mahali pawili. Waambie benki unakwenda nchi zipi. Kisha kuna hili linalosahaulika: kadi ikitumiwa mtandaoni, namba ya siri hutumwa kwenye laini yako ya nyumbani. Laini hiyo iwe imewashwa huduma ya nje kabla hujavuka, ibaki ndani ya simu, na uipe matumizi kidogo kila wiki mbili, hata meseji moja. Laini isiyotumika kwa miezi hufungwa, na ikifungwa umepoteza benki na M-Pesa kwa pamoja.

Akiba ya dharura ina kipimo: nauli ya kukurudisha nyumbani kutoka ulipo, pamoja na malazi ya usiku 7. Isiguswe. Kadiri unavyoenda kusini nauli hiyo inakua, kwa hiyo akiba ikue pia. Usianze na kiasi kimoja ukadhani kinatosha mpaka mwisho.

Wabadilisha fedha wa Nakonde wanastahili maelezo yao. Jua bei ya siku kabla hujafika. Badilisha kiasi cha laini ya simu, chakula na tiketi tu, mengine benki au duka la fedha mjini. Utaratibu wa mikono ndio unaokulinda. Yeye atoe zake kwanza. Uzihesabu wewe, noti moja moja, uziweke mfukoni, ndipo utoe zako. Ukishahesabu, naye akasema “ngoja, nihakikishe”, akazichukua tena, biashara imekwisha; katika kule kuhakikisha ndiko noti tatu hukunjwa na kubaki kiganjani. Chukua zako uondoke. Tumia kikokotoo cha simu yako, si chake.

Soma pia maandishi ya noti. Kwacha ziko mbili, ya Zambia na ya Malawi, na mpaka wa Malawi hauko mbali na Mbeya, kwa hiyo noti zote mbili huzunguka eneo hilo. Ya Malawi thamani yake ni ndogo mno kulinganisha na ya Zambia. Isitoshe Zambia ilikata sifuri tatu mwaka 2013, na mwaka 2025 ikatoa noti mpya kabisa. Noti chakavu yenye sifuri nyingi ni ukumbusho tu, haikununulii hata maandazi. Ukipitia Namibia badala ya Botswana, kumbuka kuwa randi inapokelewa kote Namibia thamani kwa thamani, lakini dola ya Namibia ukivuka nayo kwenda Afrika Kusini hakuna anayeitaka. Itumie yote kabla ya mpaka.

Njia yenyewe

Kutoka Dar kuna chaguo la reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860, na inaishia New Kapiri Mposhi, kilomita 200 hivi kabla ya Lusaka. Ratiba husema siku mbili. Wewe panga tatu na ubebe chakula cha nne. Huduma ya abiria imewahi kusimama mara kadhaa, kwa hiyo nenda kituoni mwenyewe wiki moja kabla, uliza kama treni inafika Kapiri au inakomea Mbeya, na uulize tena siku mbili kabla. Daraja la kwanza vyumba vina vitanda 4, la pili 6, na wanaume hutengwa na wanawake isipokuwa mmenunua chumba kizima. Shuka kwenye treni na vitu vyako vyote mkononi, si kupitia dirishani. Kupokelewa mzigo dirishani na mtu mwema usiyemjua ndiyo njia ya haraka ya kuagana nao.

Reli ikigoma, basi lipo stendi ya Magufuli, Mbezi. Lala Iringa au Makambako njiani, lala Mbeya usiku mbili, ndipo Tunduma. Upande wa kiti si jambo dogo kwa saa 14. Kati ya Mei na Agosti jua liko kaskazini, na basi linaloelekea kusini-magharibi hupigwa ubavu wa kulia mchana kutwa. Kata kiti cha kushoto, katikati ya matairi, si juu ya tairi.

Zambia ina zuio la tangu 2016 la mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo basi lililochelewa kuondoka litaegeshwa mahali fulani na abiria mtalala vitini. Mwezi wa Juni na Julai kule juu Mpika ni baridi ya kutetemesha. Kitenge kiwe juu, siyo kwenye buti. Njia bora ni kuukata mwendo huo vipande viwili au vitatu: Mpika, kisha Kapiri, kisha Lusaka.

Halafu kuna saa. Zambia, Botswana na Afrika Kusini ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu mpakani hushika mnara wa Tanzania ukiwa tayari uko Nakonde, na inakuonyesha saa ya Dar. Kwenda kusini utawahi tu, huna hasara. Hatari ya pili ni ya Waswahili peke yetu: tiketi ikiandikwa 06:00, na mwenzako akakuambia “saa sita”, msijibizane hapo, andikeni. Ni saa 12 alfajiri ya huko. Kuna watu wamefika stendi ya Lusaka mchana wakiwa wametulia kabisa, basi liko Livingstone.

Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni kilomita 480 hivi, kutwa moja. Livingstone ndipo pa kukaa muda mrefu, usiku 5 au zaidi, na si kwa ajili ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya peke yake. Wiki ya tatu ya safari ndefu ina tabia yake: kila kitu kinaanza kukera, wenzi wanagombana kwa sababu ya chaja, nyumbani panaita kwa sauti. Watu wengi huamua kurudi wiki hiyo, na wangengoja siku nne wasingeamua hivyo. Kwa hiyo usifanye uamuzi wowote wa safari kati ya siku ya 18 na ya 25. Fua nguo, lala mchana, pika mwenyewe, piga simu nyumbani kwa muda mrefu.

Kutoka Kazungula kuelekea Nata, kilomita 300, barabara inapita katikati ya tembo. Wanavuka, wanasimama, hawana haraka. Safiri asubuhi, usikubali lifti ya jioni hata ya bure. Gari na tembo wakikutana gizani hakuna bima inayotosha. Baada ya Francistown njia ni rahisi hadi Gaborone, na mpaka wa Tlokweng ni wa haraka kuliko yote mitatu. Ukiingia Johannesburg, ratibu ufike mchana, na mtu wa kukupokea awe ameshapangwa, unamjua kwa jina. Stendi ya Park Station si mahali pa kusimama nje ukitazama ramani kwenye simu. Toka hapo hadi Cape Town ni kilomita 1,400, ambazo ukiweza zikate Bloemfontein. Anayetaka kupitia Beitbridge, Zimbabwe, asiende Desemba wala wiki ya Pasaka. Foleni ya watu wanaorudi makwao huwa ya kulala.

Mwili

Kanuni ni usiku mmoja barabarani, siku mbili chini. Baada ya safari yoyote inayozidi saa 8, usipande gari kesho yake. Kuharisha kutakupata mara moja angalau: pakiti ya ORS kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1, na usiongeze maji ili “isiwe kali”. Ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, kwa lita 1 ya maji salama. Ukizidisha chumvi unaongeza tatizo.

Malaria ndiyo inayowadanganya watu wa pwani, kwa sababu tumeizoea. Homa huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi wiki mbili. Kwa hiyo mbu wa Zambia anakulaza Gaborone au Cape Town, ambako daktari akikuona anafikiria mafua. Sema mwenyewe, mwanzoni kabisa: nimetoka Zambia tarehe fulani, naomba kipimo cha malaria. Beba vipimo viwili vya haraka na dozi moja ya mseto (artemether na lumefantrine). Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 kwa mara moja, mara 6: cha kwanza, kisha baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, jumla 24. Kula kitu chenye mafuta kila mara, la sivyo dawa haiingii mwilini ipasavyo. Wengi huacha siku ya pili wakijisikia vizuri, na homa hurudi ikiwakuta ndani ya basi. Ukiamua kutumia doxycycline ya kinga, ni miligramu 100 kila siku, na inaendelea wiki 4 baada ya kutoka kwenye eneo lenye malaria. Hayo ya kuendelea ndiyo yanayosahaulika.

Baridi usiibeze. Juni hadi Agosti Johannesburg usiku hukaribia sifuri, na Cape Town hunyesha mvua ya upepo. Usibebe koti kutoka Dar; nunua Lusaka kwenye mitumba, ambayo kule huitwa salaula, neno la Kibemba la kupekua-pekua. Utapekua kweli.

Daftari

Chukua daftari gumu la ukubwa wa nusu ya karatasi ya A4, na kalamu isiyovuja. Lianze pande mbili. Upande wa mbele ni wa hesabu: tarehe, mji, muhuri umeandikwa siku ngapi na zinaisha lini, fedha iliyobaki kwa kila sarafu, dawa ulizomeza. Mistari mitano, kila usiku. Siku ya kuzidisha muhuri haikunasi ukiwa na ukurasa huo.

Upande wa nyuma ni wa yale uliyoyaona, na huo ndio unaowashinda watu. Wanaandika “leo nilifurahi sana”, na mwaka ukipita maneno hayo hayawaambii kitu. Andika kitu chenye jina. Kwa mfano hivi: “Mpika, stendi. Nshima matonge mawili, kapenta, ifisashi (mboga za majani za karanga). Kapenta ni dagaa wetu, wadogo zaidi, wamekaangwa na nyanya. Mama amenawisha mikono kwa jagi kabla hajaniuliza nataka nini.” Ugali wenyewe ni uzi mzuri wa kufuata: nshima Zambia, sadza Zimbabwe, pap Afrika Kusini. Linganisha ugumu, rangi, kinacholiwa nao, anayenawishwa kwanza. Salamu pia. Kaskazini ya Zambia “muli shani”, Lusaka “muli bwanji”, Botswana “dumela rra” kwa mwanamume na “dumela mma” kwa mwanamke, na huko ukianza na swali kabla ya salamu utajibiwa, ila kwa uso tu. Andika pia mahali Kiswahili kinapokwisha. Nakonde bado utanunua vocha kwa Kiswahili. Kadiri unavyoteremka kinakonda, mpaka siku moja unagundua hujakisema tangu asubuhi.

Robo saa kabla ya kulala inatosha. Ukiruka siku tatu usijaribu kuzilipia. Anayekaa kujaza deni la siku tatu huandika uongo mzuri na siku ya nne huliacha daftari kabisa. Ruka ukurasa, andika ya leo. Na kila mpaka, piga picha kurasa za hesabu na za pasipoti uzitume kwa mtu mmoja nyumbani, yuleyule kila mara, mwenye ratiba yako na ruhusa ya kuanza kuuliza ukikaa kimya siku 4.

Kurudi

Ukirudi kwa basi la moja kwa moja, stakabadhi za ulivyonunua ziwe karibu, kwani forodha ya Tunduma hufungua mabegi ya wanaotoka kusini. Usikubali kumbebea abiria mwenzako hata mfuko mmoja “wa nguo za mtoto” hadi ng'ambo. Kadi ya manjano itaombwa tena. Na simu sasa inakudanganya kwa upande mbaya: ukiwa Tunduma ikiwa bado imeshika mnara wa Nakonde, inaonyesha saa 11 alfajiri wakati basi lako la Dar la saa 12 linawasha injini.